Data huria ya ramani: huria si sawa na bure

Kijana wa boda aliyeniletea mtungi wa gesi wiki jana alizunguka ghorofa zetu hapa Pipeline, Nairobi, mara tatu kabla ya kunipigia simu. Alipofika langoni akanionyesha programu anayotumia kazini. Kichochoro kinachotoka nyuma ya soko hadi kwetu hakikuwepo; ramani ilikuwa imempeleka upande wa pili, mpaka kwenye ukuta. "Boss, hii kampuni inafaa irekebishe ramani yake," akasema. Nikamwekea kidole kwenye kona ya chini ya ramani, palipo na maandishi madogo sana, unaweza kudhani ni vumbi la kioo: alama ya hakimiliki na neno OpenStreetMap. Nikamwambia ramani hiyo kampuni imeichukua tu kwa wenyewe, na wenyewe ni mimi na yeye, na yeyote anayetaka kuichora.

Hakuniamini, na simlaumu. Tumezoea kuwa kitu kikionekana ndani ya programu ya kampuni kubwa, basi ni cha kampuni hiyo.

OpenStreetMap ilianzishwa mwaka 2004 nchini Uingereza na Steve Coast. Wakati huo data ya ramani ya nchi yao ilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, na mwananchi aliyetaka kuitumia alitakiwa kuilipia. Coast akaona watu wa kawaida, wakiwa na vifaa vya GPS na muda kidogo, wanaweza kuikusanya upya wenyewe, mtaa kwa mtaa, na kila mmoja akaitumia. Ni harambee, ila badala ya pesa unachanga unachokijua: kwamba barabara hii inapitika upande mmoja tu, kwamba zahanati ile ilihama, kwamba daraja la miguu liko hapa na si pale.

Mtu akitaka kuelewa jambo hili vizuri, atenganishe kwanza ramani na data. Ramani ni picha unayoitazama. Data ni kile kilicho chini ya picha: nukta zenye mahali pake kamili duniani, mistari inayoziunganisha, na lebo zinazosema kitu ni nini. Nukta moja ikiwa na lebo ya mahali pa kuchota maji, programu yoyote inaweza kuichora kama tone la buluu, au kuihesabu, au kumwelekeza mtu aifikie. Picha ya ramani huwezi kuiuliza swali. Data unaweza.

Sasa neno huria. Kwa Kiswahili bure ni kitu kisicho na bei. Huria ni kitu kisichofungwa. Maji ya mvua ni ya bure. Uwanja wa mtaa ni huria: hulipi kuingia, lakini hujengi duka lako pale katikati. Data ya OpenStreetMap ni huria kwa maana hiyo ya uwanja. Tangu Septemba 2012 inatolewa chini ya leseni iitwayo ODbL (Open Database License, yaani leseni ya hifadhidata huria), na leseni hiyo inampa kila mtu, tajiri na fukara, ruhusa ya kuchukua, kutumia na hata kuuza alichotengeneza kwa data hiyo. Inadai mambo mawili makuu.

La kwanza ni kutaja. Popote data inapoonekana, mtazamaji aambiwe imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap. Hayo ndiyo maandishi ya kwenye kona.

La pili linawachanganya wengi, hata wanasheria wa kampuni. Nilielezee kwa unga. Chama kimeweka unga wa pamoja. Ukichukua kibaba ukapika chapati, chapati ni zako, uza kwa bei utakayo, bora useme unga ni wa chama. Lakini ukiuchukua unga wenyewe, ukauchekecha, ukauongezea, kisha ukaanza kuugawa, unga huo ulioboreshwa lazima utoke kwa masharti yale yale ya chama. Huwezi kuufungia kwenye gunia lenye nembo yako ukawanyima waliouchangia. Chapati ni picha ya ramani. Unga ni hifadhidata. Na kampuni ikiwa na gunia lake lingine la mchele, yaani data yake tofauti ambayo haikuchanganywa na ile huria, mchele huo hauguswi.

Kwa nini kampuni zenye mabilioni zije kwenye unga wa chama? Mwaka 2012 Foursquare, programu ya kuwaonyesha marafiki mahali ulipo, iliacha ramani za Google na kuhamia data ya OpenStreetMap, baada ya Google kuanza kuwatoza wanaotumia ramani zake kwa wingi. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Apple ilitoa programu yake ya picha kwa simu, na watu wa OpenStreetMap wakaitambua kazi ya mikono yao humo ndani: data ya Aprili 2010, imepitwa na wakati kwa miaka karibu miwili, na jina la waliochora halikutajwa popote. Ni baadaye ndipo Apple ilipoongeza utambulisho. Kisa hicho nakirudia kila nikiulizwa kwa nini maandishi ya kwenye kona yana maana, kwa sababu mchoraji wa kujitolea hana malipo mengine zaidi ya hayo.

Haki pia itendeke kwa upande wa kampuni. Microsoft ilimwajiri Coast mwaka 2010 na kuruhusu wachoraji wafuatishe picha za angani za Bing, huduma yake ya utafutaji na ramani. Bila picha za namna hiyo, mtu wa Pipeline kama mimi angelazimika kutembea kila njia na kifaa mkononi.

Na kutembea ndiko kulikoiweka Nairobi kwenye ramani hii. Mwaka 2009, Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni. Watu wanazaliwa, wanaoa, wanazikwa, na ramani inaonyesha doa. Mikel Maron na Erica Hagen wakaanzisha Map Kibera, na vijana 13 wa Kibera wenyewe wakafundishwa kutumia GPS. Wakapita Kianda, Gatwekera, Laini Saba, Silanga na vijiji vingine, wakiandika vyoo, sehemu za maji, shule, zahanati, makanisa na misikiti. Picha ya satelaiti ingewaonyesha nini? Bati. Bati la shule na bati la choo cha kulipia, kutoka juu, ni bati. Aliyejua tofauti ni kijana aliyekulia pale.

Hapo ndipo ninapoona faida na hatari zikikaa mkeka mmoja. Leo Meta, Amazon, Microsoft na kampuni ya ramani TomTom, walioungana Desemba 2022 kuanzisha Overture Maps Foundation, mradi wa pamoja wa data ya ramani chini ya wakfu wa Linux Foundation, wanachanganya data ya OpenStreetMap na vyanzo vingine. Kampuni kadhaa zinawalipa watu kuchora, na nyingine zinatumia kompyuta zinazokisia barabara na majengo kutoka kwenye picha za angani. Kazi hiyo imejaza sehemu nyingi zilizokuwa tupu, na nashukuru. Lakini kompyuta inaona mstari wa vumbi na kusema ni barabara; mimi najua ni njia ya maji machafu. Kwetu hapa kuna mtu wa mbali aliwahi kuchora barabara ya magari katikati ya ploti ya jirani. Lori la mchanga likaingia likifuata ramani, likakwama langoni asubuhi nzima huku watoto wakichelewa shule. Nilifuta mstari ule siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2018 wakfu unaosimamia OpenStreetMap una mwongozo unaozitaka timu zilizopangwa, zikiwemo za kampuni, zijitambulishe na kueleza zinachokifanya. Mwongozo huo naupenda, ila hauwezi kuchukua nafasi ya mtu anayeishi mahali.

Jambo jingine ambalo mtumiaji afaa kulijua: kampuni hutumia nakala. Agosti 2018 mtu mwovu alibadilisha jina la jiji la New York kuwa tusi dhidi ya Wayahudi. Wachoraji waliliondoa muda mfupi baadaye. Nakala moja ya kampuni ilikuwa bado imelibeba, na mwishoni mwa mwezi likatokea kwenye ramani ya Snapchat, mbele ya macho ya watu wengi. Chanzo kilikuwa kimeshapona, nakala bado inaumwa.

Turudi langoni. Nilifungua picha ya angani kwenye simu, nikaivuta mpaka yakaonekana mapaa ya ploti yetu na matangi meusi ya maji juu yake. Nikagusa nyuma ya soko, nikagusa kona ya fundi viatu, nikagusa lango letu. Mistari miwili. "Pikipiki inapita?" nikamuuliza, maana ramani inataka kujua. "Inapita, lakini mvua ikinyesha usijaribu," akasema. Nikaweka lebo: kichochoro, udongo, pikipiki ruhusa. Nikabonyeza kuhifadhi. Tulikuwa hatujamaliza kuhesabu chenji, kichochoro kikawa kimeonekana kwenye tovuti ya OpenStreetMap, na yeye akakipiga picha kwa simu yake kama mtu aliyeona jina lake gazetini.

Jana ameleta mtungi mwingine kwa jirani. Programu ya kazini kwake bado inampeleka ukutani. Kampuni haijachukua nakala mpya. Lakini amepakua programu nyingine inayosoma data ile ile moja kwa moja, na alikuja kwa njia ya nyuma ya soko. Ameshaongeza kibanda cha chai cha shangazi yake.