Haibridi nyepesi: maneno ya kijiweni na yaliyo chini ya boneti

Shemeji yangu aliponunua Suzuki Xbee na kuileta Malindi kutoka bandarini, aliizunguka mara mbili mbele ya karakana yangu kisha akaniuliza, "Fundi, tundu la kuchajia liko wapi?" Aliambiwa amenunua haibridi, na vijana wa kijiweni wakamalizia kwamba haibridi ni gari la umeme. Tangu hapo swali hilo nimelisikia kwa wengi, nami nalijibu kwa moyo, maana watu wanapoteza pesa kwa kutojua.

Tundu halipo, wala halihitajiki. Hili ni haibridi nyepesi: petroli ndiyo inayoliendesha, umeme unasaidia tu. Xbee kama hii, iliyoanza kutoka Japani mwishoni mwa 2017, inakwenda kwa injini ya petroli ya lita 1.0 yenye turbo. Mahali pa alteneta, kifaa cha kuzalisha umeme wa gari, pamefungwa mashine inayofanana nayo, imezungushiwa mkanda unaoiunganisha na injini. Ukiachia mafuta au ukikanyaga breki, mwendo wa gari unaizungusha, nayo inatia umeme kwenye betri ndogo ya lithiamu iliyo chini ya kiti cha abiria wa mbele. Ukiondoka tena, mashine ileile inageuka mota na kuisaidia injini. Nguvu yake ni kilowati 2.3, injini ina 73. Mfikirie mtoto anayesukuma nyuma ya mkokoteni ambao baba yake anauvuta. Msaada upo, lakini baba akiuachia, mkokoteni hauendi.

Kwa hiyo wanaosema "litatembea kwa umeme tupu kama Aqua" wanachanganya vitu viwili. Aqua, ya Toyota, ni haibridi kamili, na inaweza kujongea injini ikiwa imezima. Hii nyepesi haina ubavu huo. Petroli ikikuishia pale Gede, utasukuma kama wenzako.

Wapo wauzaji wanaoahidi kuwa mafuta yatapungua nusu. Hapo nakataa kabisa. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na sehemu kubwa barabara iko wazi. Ukipita kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa mwendo mmoja, hukanyagi breki, basi hakuna umeme wa kuvuna, na injini inafanya kazi peke yake. Faida inaonekana Mtwapa, kwenye foleni, injini inapojizima kila ukisimama. Hata huko, joto letu la Pwani lina neno lake. Kompresa ya kiyoyozi inazungushwa na injini. Ukisimama dakika moja jua la saa saba likichoma, ndani kunaanza kupata joto, na injini inajiwasha yenyewe ili kupoza. Nimeletewa magari yenye "ugonjwa" huo. Si ugonjwa, ndivyo lilivyoundwa.

Kuhusu hofu ya kupigwa shoti mvua ikijaza barabara: umeme wa Suzuki hizi ni volti 12, na zile za Ulaya mara nyingi ni 48. Hatari kubwa ya magari haya huhesabiwa kuanzia juu ya volti 60. Betri ya Aqua ya toleo la kwanza ni volti 144, hiyo haichezewi. Hata hivyo volti 12 nazo zitayeyusha spana ukizigusanisha ncha mbili, kwa hiyo fundi avue pete.

Linaloniuma zaidi ni lile la "weka betri yoyote, weka mkanda wowote." Haibridi nyepesi ya Suzuki ina betri mbili: ile ya lithiamu, na nyingine chini ya boneti inayofanana na ya kawaida. Hiyo ya pili si ya kawaida kamwe. Ni ya aina ya EFB au AGM, iliyotengenezwa kuvumilia kuzima na kuwasha mara nyingi kwa siku. Mteja mmoja aliuziwa ya bei rahisi dukani, akafurahi. Haikuchukua muda, mfumo wa kujizima ukagoma, akaambiwa haibridi yote imekufa na atafute fedha nyingi. Nilirudisha betri ya aina inayotakiwa, gari likatulia.

Mkanda ndio hivyohivyo. Kwenye alteneta ya kawaida unavutwa upande mmoja. Hapa unavutwa huku mashine ikichaji, kisha unavutwa kule ikisukuma, na tenshona, kifaa kinachoukaza mkanda, inayumba pande zote mbili. Pitisha kidole pembeni mwa puli: ukikuta unga mweusi wa mpira, au ukisikia mlio asubuhi baada ya usiku wa umande wenye chumvi, usingoje ukatike. Ukikatika unakosa kuchaji na msaada kwa pamoja. Nunua uleule ulioandikiwa gari hilo.

Shemeji alirudi tena wiki iliyopita, ana wasiwasi: asubuhi stata inalia "griii", lakini kwenye foleni injini inawaka kimya. Alidhani stata inakufa. Nikamwonyesha kuwa stata ya zamani bado ipo, kazi yake ni kuamsha injini iliyolala. Ikishaamka, kwenye foleni inawashwa na mkanda.