Usanifu wa mandhari: eneo lililosahaulika linavyogeuka kuwa mahali pa watu

Usanifu wa mandhari ni kazi ya kupanga ardhi ya nje, pamoja na miti, njia, mitaro, taa na mahali pa kukaa, ili watu waitumie. Wengi wakisikia hivyo hufikiria maua na nyasi zilizokatwa. Maua yamo, ila ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe huanza kabla, kwa kujua kwa nini watu wanalikwepa eneo hilo.

Mara nyingi sababu ni za kawaida tu. Mchana hakuna kivuli, mvua ikinyesha maji yanatuama, pa kukaa hamna. Kwa hiyo mbunifu makini huzunguka kwanza, akitazama jua linapiga wapi alasiri, maji yanakimbilia wapi, na wapita njia wamekanyaga kijia kipi. Kijia cha mkato kilichokatiza nyasi ni mchoro ambao watumiaji wameshauchora kwa miguu yao. Kukiziba kwa kibao cha "Usikanyage nyasi" ni kutafuta ugomvi, afadhali kisakafiwe.

Mfano mzuri ni Bryant Park, bustani iliyo nyuma ya maktaba kuu ya New York. Katika miaka ya 1970 ilikuwa imetekwa na wauza dawa za kulevya. William H. Whyte, mtafiti aliyekuwa akiwarekodi kwa kamera watu kwenye viwanja vya jiji hilo, aliona kwamba kasoro ilikuwa katika umbo la bustani yenyewe. Iliinuka juu ya usawa wa barabara, ikazungukwa na uzio wa chuma na vichaka, na milango yake ilikuwa michache. Aliyepita nje hakuweza kuona kinachoendelea ndani, na nani aingie asipopaona? Bustani ilifungwa mwaka 1988, ikafunguliwa tena 1992 vichaka vikiwa vimeng'olewa, milango imepanuliwa, na viti vyepesi visivyofungwa chini vimetawanywa. Viti hivyo vina siri yake. Whyte alikuwa amegundua kwamba mtu hukisogeza kiti kidogo kabla ya kukaa, hata pasipo haja yoyote. Amejichagulia mahali pake. Benchi la zege limeshakuchagulia.

Wala eneo si lazima liwe kubwa. Kuanzia 1947, msanifu Aldo van Eyck alitengeneza mamia ya viwanja vya watoto mjini Amsterdam, vingi katika vipande vya ardhi vilivyobaki wazi kati ya nyumba. Shimo la mchanga lilikuwa na ukingo mpana wa zege, ambao kwa mtoto ulikuwa meza na kwa mzazi kiti.

Wakazi waulizwe kabla ya kuchora, hilo linajulikana. Lakini mkutano mmoja wa jioni hautoshi, kwa sababu watoto na wenye kazi za zamu hawaji, nao ni watumiaji pia. Njia ninayoiamini zaidi ni majaribio: viti vya kuazima, turubai la kivuli na rangi sakafuni kwa wiki kadhaa, kisha kutazama nani anakaa wapi kabla zege halijamwagwa.

Linalosahaulika zaidi ni matunzo. Nani atafagia, nani atabadilisha taa iliyoungua? Mche huhitaji kumwagiliwa hadi mizizi ishike, wakati bajeti nyingi huishia siku ya kukata utepe.