Kutu ya chumvi chini ya gari: yanayosemwa gereji za Dodoma na ukweli wake

Dhana: "Dodoma ni kukavu, gari haliozi huku."

Ukavu unapunguza kasi ya kutu, hilo ni kweli. Lakini gari lililotembea Hokkaido, Tohoku au Uingereza limekwishapitia miaka ya barabara zinazomwagwa chumvi ili kuyeyusha theluji na barafu. Mbaya zaidi ni kalsiamu kloraidi, kwa kuwa hufyonza unyevu wa hewani na kubaki mbichi chumvi ya kawaida ikiwa imeshakauka. Lowa amu, yaani mkono wa chini unaoshikilia tairi kwenye gari, kwa magari mengi ni mabati mawili yaliyochomelewa pamoja, katikati pakiwa na uwazi. Tope la chumvi huingia humo, tundu za kutolea maji huziba, na chuma huanza kuliwa kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima. Bati lililoliwa halirudishi unene wake kwa sababu gari limehamia Nkuhungu. Likianza safari za Kondoa au Mtera, kila shimo linaupiga mkono uliokwisha konda. Na wenye kuosha gari kwa maji ya kisima ya chumvichumvi wanaongezea chumvi mpya juu ya ile ya zamani.

Dhana: "Chini ni peusi panang'aa, gari safi."

Weusi huo mara nyingi ni rangi ya chasisi, inayopulizwa Japani gari linapofanyiwa ukaguzi. Inazuia kutu ikipakwa kwenye chuma kisafi. Ikipakwa juu ya kutu, inaificha tu. Kabla ya kulipa, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari inayoandikwa kwenye mnada wa magari huko Japani. Herufi S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa, na neno サビ (sabi) kwenye maelezo ya chini ya gari ni kutu hiyo hiyo.

Gari likishafika, linyanyue na kulikalisha kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini. Gonga mikono hiyo ya gari kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito, na vipande vya kutu huanguka kama maganda. Sukuma bisibisi kwenye maungio ya kuchomelea, kuzunguka makazi ya boljointi (kiungo cha mviringo kinachounga mkono na upande wa tairi), na kwenye kitako cha springi. Ikizama au bati likibonyea, mkono huo umekwisha. Ukiwa huko chini, tazama na mabomba ya breki.

Dhana: "Kama ni bovu, kiwanda kingeyaita magari yarudi."

Wito huhusu kasoro iliyothibitishwa kwenye modeli fulani, si uzee wa gari lolote lenye kutu. Tena una mipaka. Marekani, baadhi ya wito wa kutu huhusu majimbo yanayotumia chumvi barabarani tu, na kutafuta wito huko kunataka namba ya utambulisho wa gari (VIN) yenye tarakimu na herufi 17. Gari lililouzwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya chasisi yenye kistari katikati, kwa hiyo tafuta kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji. Ukikosa jibu upande wa Marekani, usidhani gari limesalimika.

Dhana: "Alaimenti ni alaimenti, fundi yeyote atakaza."

Hapa ndipo tungependa watu watulie. Mwezi Agosti 2012 Toyota iliziita RAV4 za modeli ya 2006 hadi 2011 nchini Marekani kwa ajili ya mkono wa nyuma namba moja. Nati zake zisipokazwa sawasawa baada ya alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa tairi), mkono huanza kucheza, nyuzi za bolti zinaota kutu, na mwishowe mkono unaweza kuachana. RAV4 za umri huo zimejaa Dodoma. Kwa hiyo baada ya alaimenti nati ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari husika, si kwa kuning'inia kwenye bomba. Bolti za bushi, zile raba za kwenye maungio ya mkono, hukazwa mwisho gari likiwa limebeba uzito wake kwenye tairi. Zikikazwa mikono ikining'inia, raba ya bushi hujisokota na kuchanika mapema.

Dhana: "Tutachomelea."

Usikubali. Bati jembamba linaungua pembeni mwa weldi, kisha linapasukia hapo hapo. Badilisha mkono mzima. Ukinunua wa mtumba, upige nyundo ukiwa bado kaunta, maana nao huenda umetoka kwenye theluji ile ile.