Ushauri nasaha unapoandikwa na wabunge

Wanaojifunza kazi kwangu huniuliza: mwanamke ameshaamua kutoa mimba, mshauri wa nini tena? Huwa nawajibu kwa historia ya Marekani, maana huko siasa imekiingia chumba cha ushauri bila kubisha hodi.

Mwaka 1967, New York, kutoa mimba kukiwa bado kosa la jinai, mchungaji Howard Moody na wenzake, jumla yao wachungaji na marabi 21, walitangaza hadharani kwamba watawashauri wanawake. Ushauri wenyewe hasa ulikuwa kumwelekeza mtu kwa daktari ambaye hatamuua. Hisia zilisubiri.

Hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya 1973, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitumia kuhalalisha kutoa mimba nchi nzima, ilipoondoa hofu ya polisi, kliniki zikaajiri washauri, wengi wao wanaharakati wa haki za wanawake. Maswali yakabadilika: kuna anayekushinikiza? Nyumbani nani anajua? Kwangu mimi, hapo ndipo kazi hii ilipozaliwa.

Wanasiasa hawakukaa mbali. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya mji wa Akron, Ohio, iliyompangia daktari maneno ya kumwambia mgonjwa. Mwaka 1992, katika kesi ya Casey, ikalegeza kamba: jimbo la Pennsylvania likaruhusiwa kulazimisha mgonjwa apewe maelezo yaliyopangwa na jimbo na kumsubirisha mwanamke saa 24. Kijitabu cha jimbo la Texas kwa wanaotaka kutoa mimba kikafika hadi kutaja saratani ya matiti, ilhali wataalamu walioitwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani mwaka 2003 walikuwa wamehitimisha kwamba kutoa mimba hakuongezi hatari hiyo. Huo si ushauri, ni vitisho vyenye mhuri.

Lakini kinachonikera zaidi ni jinsi sisi washauri tulivyojifunza kujibana. Mteja analia, anasema, “Nitamkumbuka.” Mshauri anayehofia kwamba machozi hayo yatageuzwa hoja bungeni hukimbilia kusema, “Usijali, utakuwa sawa,” na mazungumzo yanakufa papo hapo. Nawafundisha kunyamaza kidogo, kisha waseme, “Niambie zaidi.” Mtu anaweza kulia sana na uamuzi wake ukabaki uleule.

Tangu hukumu ya Dobbs ya 2022 ifute Roe, kwenye majimbo yenye marufuku hata hayo machozi yamekosa nafasi. Mazungumzo ni ya nauli, ruhusa kazini na nani atabaki na watoto. Simu ikipokelewa, swali la kwanza ni: uko jimbo gani?