Je, wajua kwa nini tyubu mbili za rangi nyekundu zinapishana bei hivyo?

Ukiingia duka la vifaa vya sanaa unaweza kukuta tyubu mbili za rangi ya mafuta rafu moja, zote nyekundu, ujazo uleule, halafu moja inauzwa mara tatu au nne ya mwenzake. Wengi tunasema "aah hilo jina la kampuni tu" tunabeba ya bei chee tunasepa. Jina linachangia, sikatai, ila sehemu kubwa ya tofauti iko ndani ya tyubu yenyewe, na ukijua kusoma lebo unaiona kabla hujatoa hela.

Rangi yoyote ya kuchorea ina vitu viwili vya msingi. Kuna pigmenti, yaani ule unga wenye rangi, na kuna kitu cha kuushika huo unga usipukutike, tukiite gundi kwa sababu ndo kazi yake. Kwenye rangi za maji ni gundi kweli, gamu arabiki, utomvu wa migunga ambao Sudan ndo wanauza kwa wingi duniani. Kwenye rangi za mafuta ni mafuta ya mbegu za kitani, na haya hayakauki kama nguo kwenye kamba, hakuna maji yanayopotea hewani, bali yanavuta oksijeni taratibu mpaka yanaganda kabisa, ndo maana picha inaweza kukaa siku kadhaa au hata wiki bado inanata. Akriliki nayo ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea kwenye maji, maji yakiisha zinashikana zinakuwa utando mmoja. Gundi yake ikiwa mbichi ina weupe fulani, ikikauka inakuwa angavu, kwa hiyo kama umewahi kupaka akriliki asubuhi ukaikuta mchana imekolea kuliko ulivyotaka, sababu ni hiyo.

Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuuza picha zake Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, wala hakutumia hizi za tyubu. Alitumia enameli, ile rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Enameli imetengenezwa kufunika chuma, so inaziba vizuri, inatulia bila alama za brashi, na ule mng'ao wake ukawa sehemu ya mtindo mzima wa tingatinga. Shida yake kwa msanii ni kwamba kopo huwa linaandika "nyekundu" basi, pigmenti gani imo humo utajijua.

Tyubu nzuri ya msanii inakwambia. Igeuze nyuma, utaona maandishi madogo mfano PR108 au PB29. Hiyo P ni pigmenti, herufi inayofuata ni familia ya rangi (R nyekundu, B bluu, Y njano, W nyeupe, V zambarau, Br kahawia), kisha namba yake. PR108 ni kadimiamu nyekundu, madini ghali, inaziba vizuri na haipauki kirahisi. Sasa ile tyubu ya bei chee nayo imeandikwa kadimiamu kwa mbele, lakini pembeni kuna neno dogo "hue", na nyuma namba ni nyingine kabisa. Maana yake umeuziwa muonekano wa kadimiamu, kama juisi ya "ladha ya embe" ambayo embe halijawahi kuisogelea. Si wizi, wameandika, sema nani anasoma.

Jambo la pili ni kiasi. Rangi za wanafunzi, yaani hizo za bei chee, mara nyingi zinapunguzwa pigmenti na kuongezwa unga wa kujazia, chaki au barayti, na huo kwenye lebo mara nyingi huuoni. Ukitaka kuuona chukua tyubu mbili zenye namba ileile, tuseme PB29 zote mbili, toa kidogo sawasawa kila moja, changanya na nyeupe mara kumi yake. Yenye pigmenti ya kutosha inabaki bluu, iliyojazwa inageuka kitu cha kufifia hata hujaanza kazi. Ila linganisha namba ileile jamani, maana pigmenti zenyewe hazina nguvu sawa, PB15 kwa mfano ina ukali kiasi kwamba hata tyubu ya mwanafunzi inafanya kazi safi tu. Za udongo nazo, zile kahawia za PBr7, unga wake ni wa bei rahisi kwa hiyo hamna sababu kubwa ya kuzichakachua. Mimi ningekuwa na hela kidogo ningenunua kahawia za bei chee, nyekundu ndo ningeingia mfukoni.

Kwa nini nyekundu? Kwa sababu nyekundu nyingi zinakufa na mwanga. Vincent van Gogh alichora chumba chake cha kulala huko Arles, Ufaransa, mwaka 1888, kuta zikiwa zambarau mpauko. Leo ukiitazama hiyo picha kuta ni bluu, nyekundu aliyochanganya imeondoka imeacha bluu peke yake. Na jamaa alijua rangi za wakati wake hazidumu, alimwandikia mdogo wake Theo kwamba ndo sababu ya kuzipaka kwa ukali, muda utazipooza wenyewe.

Siku hizi tyubu nyingi za wasanii zina alama ya uvumilivu wa mwanga ya ASTM, shirika la viwango la Marekani, ASTM I ndo bora kabisa, II ni nzuri sana, kuanzia III fikiria mara mbili kama picha ni ya kuuza. PR83, alizarini maarufu ile, iko III na watu bado wanainunua kwa mazoea, wakati PV19 ipo, inakaribiana nayo na haipauki hovyo. Kama tyubu yako haina alama yoyote, paka mistari kwenye karatasi, funika nusu kwa foili, bandika dirishani panapopigwa jua na uiache miezi mitatu hivi. Ukifunua foili utaona mstari upi umebaki na upi umekimbia, na kalamu za felti usizitie matumaini kabisa.