Mwami wa depo ya maharagwe na mengine tunayowasingizia paka

Kule Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, juu kidogo ya soko, kuna mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, na maharagwe. Depo yake inalindwa na paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na machungwa, naye amempa jina Mwami, yaani mfalme, kwa vile anavyotembea juu ya magunia kama mtu anayekagua mashamba yake. Kila nikienda kununua sambaza nasikia neno jipya juu ya paka. Mengi ni uongo mtupu, na mimi sijui kunyamaza. "Yaya, wewe na vitabu vyako," mama huniambia huku akinipimia.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: paka asilishwe, maana akishiba hakamati panya. Ni dhana inayowatesa paka wengi hapa Bukavu. Kichwani mwa paka, njaa ni jambo moja na hamu ya kuwinda ni jambo lingine. Paka anaweza kuacha sahani yake katikati, akaua mjusi, kisha akarudi kumalizia chakula. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa 36%. Kwa hiyo kinachotuliza uwindaji ni nyama, si tumbo kujaa tu. Bugali unaomtupia paka wako haumharibii kazi. Unamharibia mwili.

Na kazi yenyewe tunaisifu kupita kiasi. Watafiti waliweka kamera kwenye kiwanda cha kuchambua taka huko Brooklyn, New York, mahali penye panya wakubwa na paka wasio na mwenyewe. Katika siku 79 paka hao waliua panya wawili. Wawili! Panya mkubwa ana meno na hasira, na paka mwenye akili humwachia njia, akachagua panya wadogo, mijusi na ndege. Ila watafiti waliona kitu kingine: siku ambazo paka walikuwepo, panya walijificha zaidi. Ndiyo kusema Mwami ni askari wa lindo, si mwuaji. Kuwepo kwake tu kunatosha kuwafanya panya wasitembee hadharani juu ya magunia. Nilipomweleza mama, alicheka hadi akaweka chini kopo la kupimia. "Wawili kwa miezi miwili? Huyo ningemfukuza kazi."

Kuhusu bugali: paka ni mla nyama kwa lazima, si kwa anasa. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, na kiasi unachotengeneza wenyewe hakimtoshi, hivyo lazima aipate kwenye nyama au samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho huharibika na moyo hudhoofika. Hata sukari haijui. Mwaka 2005 wanasayansi waligundua kwamba mojawapo ya jeni za kuonja utamu imekufa katika ukoo wa paka, kuanzia huyu wa jikoni hadi duma na simbamarara. Maziwa je? Paka wengi waliokwisha kukua hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Watayanywa kwa furaha, nawe utayaona matokeo kesho yake kwenye mkeka. Mpe sambaza kidogo. Nao sambaza ni wageni: waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo nyanya za nyanya za Mwami hawakuwahi kuonja kile ambacho yeye anakiona haki yake ya kuzaliwa.

Mji wetu ni wa miteremko. Bati la jirani liko usawa wa mlango wako. Labda ndiyo sababu hapa kila mtu ana hadithi ya paka aliyeanguka akasimama kwa miguu minne. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga picha nyingi za haraka za paka akianguka chali, na ikaonekana kwamba hageuki kwa kujisukuma kwenye mikono ya aliyemwachia, kama wasomi walivyodhani. Anapinda kiuno, sehemu ya mbele inazunguka kwanza, ya nyuma inafuata. Lakini kusimama si kupona. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa New York walieleza habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani, na takriban 90% waliishi. Watu wakashangilia, wakasahau kwamba paka aliyekufa papo hapo hapelekwi kwa daktari. Tunasema mtu mgumu ana roho ya paka. Wahispania humhesabia paka roho saba, Waingereza tisa. Wakubaliane kwanza.

Paka mweusi ni mlozi? Ni manyoya yenye wingi wa rangi nyeusi, basi. Macho yanayowaka gizani yana utando nyuma unaorudisha mwanga, na paka mweupe anao pia. Kwenye giza totoro hata yeye haoni kitu.

Ukitoka mjini kuelekea hifadhi ya Kahuzi-Biega, makosa yanageuka sura. Kanu, yule mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete anayeiba kuku, watu humwita paka pori, lakini si paka. Mfungue mdomo (usijaribu): ana meno 40, paka ana 30. Paka halisi wa misitu ya Kongo ni yule wanaomwita paka wa dhahabu, mkubwa karibu mara mbili ya Mwami, ambaye watu wachache sana wamemwona akiwa hai. Kuna wekundu na kuna wa kijivu, na hapa waliokosea ni wasomi: mwaka 1827 Temminck wa Uholanzi aliwapa majina mawili, kama wanyama wawili. Ni mmoja. Chui mweusi naye ni chui yuleyule aliye kwenye nembo ya taifa letu, amevaa koti jingine.

Nimemweka Mwami mwisho kwa makusudi. Rangi ya machungwa ya paka hubebwa na kromosomu X, mojawapo ya vibeba urithi vinavyoamua jinsia. Mwenye X mbili, kama jike, anaweza kuonyesha machungwa na nyeusi kwa pamoja, mwenye moja, kama dume, hawezi, kwa hiyo paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Madume wa namna hiyo ni nadra, na wengi wao hawazai. Nilimwambia mama hayo mwezi wa tatu. Akanijibu kwamba mwami ni mwami.

Mwezi wa tano alinipigia simu. Nyuma ya magunia ya maharagwe kulikuwa na watoto wanne. Sasa jina ni Mwamikazi. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2019 kwamba paka hulitambua jina lake hata likitamkwa na mgeni, hivyo nililiita jipya, kisha la zamani, mara mbili mbili. Sikio moja lilitikisika. Hakugeuka.