Steroidi katika upasuaji wa sainasi kwa watoto

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe atapewa steroidi wakati wa upasuaji wa sainasi, huenda akawafikiria wanyanyua vyuma na misuli yao. Hizo ni steroidi nyingine kabisa. Zinazotajwa hapa ni kotikosteroidi, yaani dawa zinazoiga kotisoli, homoni ambayo mwili wenyewe huizalisha katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na kazi yake kubwa katika upasuaji huu ni kutuliza uvimbe.

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, ambavyo kamasi zake hutokea puani kupitia vitundu vyembamba. Kitundu kikizibwa na uvimbe, kamasi hutuama na maambukizi hujirudia. Dawa zikishindwa, na pengine hata baada ya kuondolewa nyama za nyuma ya pua, daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani na kuvipanua vitundu hivyo. Nafasi ya kufanyia kazi ni finyu mno: jicho limetenganishwa na sainasi kwa mfupa mwembamba kama karatasi, na tone moja la damu kwenye kioo cha kamera latosha kumziba mpasuaji asione. Ndiyo maana mtoto mwenye vinyama vya polipu huweza kupewa prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizi, siku chache kabla, ili vinywee.

Hata hivyo, faida ninayoiona kuwa kubwa zaidi huja baada ya upasuaji. Mtu mzima hurudi kliniki, akaketi kitini na kusafishwa magamba ya damu puani. Mtoto wa miaka 4 hawezi kuvumilia hayo, hivyo kumsafisha humaanisha kumrudisha chumba cha upasuaji na kumpa nusukaputi mara ya pili. Deksamethasoni, steroidi nyingine ya aina hii, inayodungwa mshipani mtoto angali amelala hukusudiwa kupunguza uvimbe na makovu yanayogandisha kuta za pua, na hivyo huenda ikamwepusha na safari hiyo. Dawa hiyo hiyo huzuia kutapika baada ya nusukaputi. Kwa kazi hiyo kipimo cha kawaida ni miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 3 kwa mtoto wa kilo 20.

Hofu kwamba steroidi humdumaza mtoto hutokana na matumizi ya muda mrefu, si dozi moja. Lakini dozi hiyo moja nayo huweza kupandisha sukari ya damu, kwa hiyo ugonjwa wa kisukari sharti utajwe mapema, sawa na kifua kikuu au kukaa karibuni na mgonjwa wa tetekuwanga. Mtoto ambaye amekuwa akinywa steroidi kwa wiki nyingi, tuseme kwa sababu ya pumu, ana jambo lake la pekee: tezi zake huenda zimezoea kupumzika, zikashindwa kutoa kotisoli ya kutosha mwili unapopasuliwa, na daktari wa usingizi atalazimika kumwongezea.